Ingia na Akaunti Yangu

Jumanne nilikuwa saiba moja ya Donholm, duka la kompyuta na intaneti, ambapo kila mteja amepewa nafasi yake ya kuhifadhi mafaili, na ina kikomo. Mama mmoja alikuwa amekwama: mashine ilikataa picha za ratiba ya mazishi ya shemeji yake, na ibada ilikuwa kesho yake. Fundi wa saiba akajaribu mwenyewe. Picha zote zikaingia.

"Iko sawa, mathe."

"Umeingia na akaunti ya nani?"

"Yangu, ya msimamizi. Hiyo haina kikomo."

Mama akamsogezea kibodi taratibu. "Basi ingia na yangu."

Picha ya kwanza tu, ikakataa. Fundi akajikuna shingo.

Nilimkumbuka mwenye ploti wetu, anayetupangisha nyumba. Tukimwambia maji yamepotea, hunawa mikono kwenye bomba la kwake, kisha anatuambia yapo.