Fleshi Isiyoandikwa Kitu

Mashine yangu ya gemu ni ya zamani, na jicho lake la kusomea diski lilikufa kitambo. Mafundi wa Makadara walinishauri niitupe. Mimi ni mbishi. Nikajifunza kwamba gemu zaweza kutolewa kwenye diski, zikawekwa kama faili na kuchezwa kutoka kwenye fleshi. Mtu mzima na ndevu zangu, nahangaikia gemu za mpira za ujanani.

Fleshi zangu zote zilikuwa ndogo. Kubwa niliipata kwenye kabati la marehemu mama, katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, imefungwa ndani ya leso, haikuandikwa kitu. Nilipoichomeka kwenye kompyuta na kufungua faili ya kwanza, wakatokea wanawake wa harusini, vichwa wazi, wamejipamba, wanapiga vugo, zile pembe za ngoma ya harusi. Nikafunga papo hapo. Kwetu picha za harusi za upande wa wanawake hazitazamwi na wanaume, na ndiyo maana haziandikwi jina, mtu asijue ni nini. Nikajiambia kuzifuta ni stara. Nilijiona mcha Mungu hasa.

Nikaifomati, ikabaki tupu. Faili zilizozidi giga nne nikazikatakata, maana mashine ile haizipokei nzima. Vipande navyo sharti vikae mfululizo, vikitawanyika gemu inakwama, kwa hivyo nilifuta na kupanga upya mara mbili, mpaka fleshi ikajaa pomoni. Siku ile nilicheza mpaka adhuhuri. Nilifurahi, sitasema uongo.

Juma lililofuata dadangu mdogo alikuja kututembelea, akaenda moja kwa moja kabatini.

"Kaka, fleshi ya harusi yangu i wapi? Nataka kumsikia mama."

Ndipo nikajua nilichokifuta. Mama hakupenda kurekodiwa maisha yake yote. Siku ya harusi ya bintiye tu ndiyo alikubali, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo. Sauti yake haipo kwingine.

Nilikimbilia kwa fundi. Akachimba siku mbili, akanirudishia vipande vya gemu, tena gemu zangu mwenyewe. Alisema ningefuta tu nikaiacha, huenda angepata kitu. Lakini nilikuwa nimeijaza juu ya kujaza.

Nikamweleza dadangu habari ya stara. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mama ni wako pia," akasema. "Wamuonea haya mama?"

Faili zilikuwa nyingi, nami nilifungua moja. Kama kweli nilichunga heshima ya wanawake wale, ningempigia simu dadangu aje aiangalie fleshi ile. Nilitaka nafasi ya gemu, basi, na dini nikaifanya kisingizio. Hilo sijamwambia, na sidhani kwamba halijui.