Dirisha Kabla ya Msingi

Juzi pale Uyole, kwenye karakana ya fundi wa madirisha, aliingia mama mmoja na kigoda kwapani. Akakiweka chini, akakaa, akaanza kusonga ugali usiokuwepo. Sisi wateja tukatazamana.

"Dirisha la jikoni lianzie hapa," akasema, kiganja usawa wa kifua. "Nikiwa nasonga, nione viazi vyangu mpaka kule mlimani."

"Mama, ya jikoni huwa madogo, ya kutolea moshi tu," fundi akamwambia. "Kwani ukuta umefika wapi?"

"Hata msingi bado, mwanangu. Ukuta utalifuata dirisha."

Wenzangu walicheka. Mimi nilimwonea wivu mama yule, hadi kigoda chake. Nyumba ninayo, tena ya bati la rangi. Lakini wakati wa kuijenga, fundi mwashi aliponiuliza dirisha la jikoni likae upande gani, nilimjibu, "Weka tu kama wanavyoweka watu." Akaweka. Sasa kila asubuhi nikichemsha chai, natazama mlango wa choo cha jirani, naye akitoka hunipungia mkono.