Mpishi Hula Mwisho

Mtaani walimwita Mama Pasi. Kazi yake ilikuwa kunyoosha mashuka ya nyumba ya wageni, na hata gauni lake la kushindia lilikuwa na mkunjo wa kukata kidole. Mwanamke wa maneno mengi na subira haba. Lakini mwezi ule maneno yalimwishia, kwa sababu mama yake mzazi, aliyekuja kukaa kwake, alikuwa hataki kula.

Si kwamba hakupikiwa. Uji, supu, viazi vya kuponda, kila kitu kilipelekwa kwa bibi kwanza, kabla mtu yeyote hajagusa kijiko, kama heshima inavyotaka. Naye kila mara alisukuma sahani pembeni. "Bado," alisema. Bado nini, hakusema. Akili yake ilikuwa ya kwenda na kurudi, na siku hizi ilikawia kurudi. Muuguzi alishasema bila kuficha: akiendelea hivi, hafiki mbali.

Mchana mmoja kazini, shuka likaungua kidogo chini ya pasi. Harufu ile ikamchukua moja kwa moja hadi nyuma ya kanisa la utotoni, siku za mikutano mikubwa, wali na maharage vikipikwa kwenye masufuria ya kuweza kumwogeshea mtoto. Mkuu wa jiko alikuwa mama yake. Watoto waligombea ukoko, ule wali mkavu ulioganda chini, wakautafuna mpaka taya zikauma. Utamu wake, jamani! Keki za harusi zote alizokula baadaye hazikuufikia. Na mama alisimama pale na mwiko wake, jasho likimchuruzika, hajatia kitu mdomoni tangu alfajiri.

"Mama, na wewe ule."

"Bado. Mpishi hula mwisho. Akitangulia yeye, kuna mgeni atalala njaa."

Bado! Mama Pasi akaitua pasi. Alijiona mjinga wa kutupwa.

Jioni alipika wali na maharage, akaweka sufuria mbele ya mama yake, akamwita mumewe na jirani yake wale kwanza. Bibi akawakagua mmoja mmoja.

"Yule mbona sahani yake nyeupe? Mwongezeeni."

"Nimeshiba hadi kooni," jirani akanong'ona.

"Kula, shoga yangu, usiniangushe," Mama Pasi akamnong'oneza.

Jirani akala, maskini, huku akifungua kifungo cha sketi.

"Wote wameshiba?" bibi akauliza.

"Wote, mama."

"Na waliochelewa?"

"Nao pia. Hakuna aliyebaki."

Bibi akajifuta mikono kwenye gauni, akajipakulia mwenyewe, akala. Mama Pasi akageukia ukuta na kulia kimyakimya, akiomba mkono ule usichoke. Mara akasikia kijiko kimetulia. Akageuka haraka.

"Mwanangu," bibi akasema, "hii chumvi uliionea huruma?"

Akachota tena.