Simu Iliyolazwa Hospitali

Mji mzima ulimwita Barua Kwanza, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Alikuwa mchonga mihuri. Ukiingia kwenye kibanda chake kutaka muhuri wa shule, wa zahanati, hata wa kwaya, hujamaliza salamu ameshanyoosha mkono: "Barua kwanza." Barua yenye nembo na sahihi ya mkuu, tena na namba ya simu ambayo ataipiga mwenyewe, baada ya kuihakiki kwa njia zake. Siku moja alikuja mwalimu mkuu mzima mzima, na suti yake, akaambiwa kwamba uso si barua. Alirudi kesho yake amenuna, barua mkononi.

Tusimcheke sana. Mchonga muhuri hukaa mlangoni pa udanganyifu, na kila anayebisha hodi hapo huja na tabasamu. Kwa miaka thelathini na mmoja mzee huyu alijilinda kwa namna yake. Ndani ya kila muhuri alificha nukta, ndogo kuliko punje ya chumvi, mahali ambapo jicho la kawaida lingedhani ni wino umeruka. Kila muhuri ulikuwa na mahali pake. Hakuandika popote, yote yalikuwa kichwani. Mara mbili polisi walimletea karatasi za kutilia shaka. Aliinama na lenzi yake, akasema, "Huu si wangu," na alipoulizwa amejuaje, alijibu kwamba mzazi humjua mwanawe. Hata mkewe alikufa bila kuambiwa.

Mtu mmoja tu duniani hakuwahi kumkagua: binti yake, mtoto wa pekee, mwalimu katika mji ulio mwendo wa saa saba kwa basi. Huyo alikuwa na ufunguo wa nyumba na wa kibanda, na neno lake halikuhitaji barua.

Ni binti huyo aliyeleta kompyuta. Ile ya zamani ilikuwa imechoka. Ilikoroma mchana kutwa, na asubuhi nyingine haikuwaka mpaka ipigwe kofi. Binti alipokuja likizo alimletea ya kwake, iliyotumika kidogo tu, lakini ya familia nyingine kabisa, yenye vitufe vyake na desturi zake.

"Baba, hii itakuzika," alisema kwa utani.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," mzee akamjibu. Lakini mbachao wenyewe ulikuwa umebaki matundu, akakubali.

Taabu ilianza siku ileile. Michoro ya mihuri, mia nne na kumi na miwili, ilikataa kufunguka upande huu mpya. Binti akapata tovuti ambayo unaipa faili, nayo inakurudishia limegeuzwa. Mzee aliruka kitini. Apeleke mihuri ya mji mzima kwa watu asiowajua, wamgeuzie, wamrudishie, na juu yake awashukuru? Alichora upya yote, mmoja baada ya mwingine, nukta kwa nukta. Ilimchukua wiki sita na hakujuta hata siku moja.

Ila mambo hayakuishia kwenye michoro. Alizoea kupiga picha nembo ya mteja kwa simu, kisha kuichomeka simu kwenye kompyuta kwa waya ili picha ihamie. Kompyuta mpya ilipochomekwa simu ile kuukuu ilinyamaza kimya, kana kwamba hakuna aliyeingia. Basi kabla likizo haijaisha wakaenda wote wawili dukani kwa muuza simu.

"Mzee wangu, unatumia kompyuta gani?" kijana wa dukani akauliza.

"Unataka kujua ya nini?"

"Nikuchagulie simu inayoelewana nayo."

Binti akajibu kwa niaba yake. Muuza simu akapanga simu tatu juu ya kioo. "Hizi zote ni za familia ileile ya kompyuta yako. Ukipiga picha huku, inatokea kule yenyewe."

"Inapita wapi?"

"Hewani, mzee."

"Hewani kwa nani?"

Muuza simu akamtazama binti kuomba msaada. Binti akajikaza asicheke. Ya kwanza ilikuwa mpya kabisa, ina kamera tatu. Mzee alitaka kujua hizo mbili za ziada zinamwangalia nani. Ya tatu ilikuwa rahisi kupita kiasi, na alipobanwa muuza simu alikiri kwamba watengenezaji wake hawaipelekei tena masasisho, kwa hiyo mwakani ingeanza kugombana na kompyuta. Wakachukua ya katikati. Mzee alilinganisha namba ya kwenye boksi na ya ndani ya simu, tarakimu kwa tarakimu, mara mbili, huku nyuma yake foleni ikiguna.

Nyumbani alivaa miwani akaanza kuiandaa. Kila simu ilipomwandikia "Kubali", alisoma kwanza. Ukurasa mmoja ulimlia saa nzima. Binti alikuwa na basi la kuwahi.

"Baba, nipe nikumalizie."

Akampa. Hajawahi kukubali kitu bila kukisoma, si kabla ya siku hiyo wala baada yake.

Kwa miezi miwili simu na kompyuta zilipendana kama mapacha. Picha ya barua aliyoipiga kaunta ilimkuta mezani. Alianza hata kuisifu, kwa sauti ya chini, isije ikavimba kichwa. Kisha yakaanza mambo.

Jioni moja alibaki kibandani akimalizia kazi ya haraka. Ukaja ujumbe wa binti: "Baba, nenda nyumbani ukale." Alijuaje kwamba hajaenda? Alidhani amebahatisha. Lakini Jumanne iliyofuata alifunga kibanda, akamwambia fundi cherehani wa jirani kwamba anafuata mpira wa kuchongea mihuri, akaenda zake hospitali kupimwa kifua. Hakumwambia mtu. Jioni binti akapiga, naye hupiga Jumapili tu, hana desturi ya Jumanne.

"Baba, leo umeshindaje? Mwili haujambo?"

"Sijambo. Kwa nini?"

"Nimekukumbuka tu."

Machale yakamcheza. Kwanza alimshuku fundi cherehani, mama mwenye macho na masikio, akaacha kumsalimia. Mama wa watu akashangaa amekosa nini. Kisha akamshuku muuza simu, akamwendea.

"Simu inaweza kusema mahali ilipo, mzee wangu," kijana akamweleza. "Nipe nikuangalizie ni nani anayeiuliza."

Mzee aliirudisha simu mfukoni upesi. Alijiambia hampi tapeli simu yake. Ukweli ni kwamba aliogopa jina ambalo lingetokea kwenye kioo kile. Mtu anaweza kukagua dunia nzima kwa sababu tu anayo sehemu moja asiyohitaji kuikagua, na yeye sehemu yake ilikuwa moja.

Badala yake akatega mtego. Alhamisi asubuhi alikuwa akipeleka hospitali kuu mihuri minne aliyoichonga upya kwa michoro ya zamani. Alizima sauti ya simu, ikabaki kutetemeka tu, akailaza chini kabisa ya boksi, akaifunika kwa karatasi, mihuri juu yake. Mtunza stoo wa hospitali alikuwa mtu wake wa siku nyingi.

"Liweke kabatini, usilifungue mpaka nije Jumamosi," akamwagiza. "Mpira bado haujatulia."

Akarudi kibandani, akajifungia kwa ndani, akaendelea na kazi kwa taa. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: atakayekuja kuuliza habari za hospitali, ndiye. Alijiona mjanja. Wahenga walishasema mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo, lakini siku hiyo wahenga hawakuwa na barua.

Ijumaa saa kumi jioni mlango ukagongwa.

"Nani?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Baba, fungua."

Alifungua. Binti alikuwa amesimama na nguo za kufundishia za jana, chaki kwenye kiwiko, viatu vimejaa vumbi. Kwapani amebana boksi la mihuri. Mkononi ameshika simu. Niseme bila kumficha: jambo la kwanza lililompanda mzee lilikuwa ushindi.

"Umejuaje ilipo?" akauliza, hata "karibu" hakusema.

Binti akaingia. Alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akamshika mkono juu ya kiwiko, akaubonyeza, kisha akaubonyeza tena. Halafu akaketi kwenye stuli ya wateja na kulia, si kilio cha kujificha, kilio cha sauti, mpaka cherehani ya jirani ikasimama.

"Nimekupigia tangu jana," alisema alipoweza. "Nikampigia mama wa cherehani, akasema mlango umefungwa, hajakuona, na siku hizi humsemeshi. Na simu inaonyesha uko hospitali. Jana mchana, hospitali. Jana usiku, hospitali. Leo alfajiri nimepanda basi."

Mzee alikuwa bado amesimama.

"Nimepita wodi zote za wanaume, Baba. Zote. Nimefunua mashuka ya watu. Wodi ya mwisho nesi akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nimeshaangalia chumba cha maiti."

"Ukaenda?"

"Nikaenda. Wakanionyesha mzee mmoja. Ana mvi kama zako." Akajifuta uso kwa mkono wenye chaki. "Nilipotoka nimekaa chini ukumbini, nakupigia tena, sijui kwa nini. Stoo iko hapo karibu. Kabati likaanza kunguruma, mtunza stoo akalifungua."

Mzee akatafuta mahali pa kuweka mikono yake. Aliiweka mezani, akaiondoa. Ule ushindi ulikuwa umemwishia, lakini hasira nayo ilikuwapo, na ilikuwa ya haki.

"Kwa nini hukuniambia kwamba unaniona?"

"Ungekubali?"

Jibu walilijua wote wawili.

"Mwaka jana ulianguka humu ndani," binti akasema. "Ulilala sakafuni mpaka mama wa cherehani akakukuta. Mimi mwanao nimejua baada ya miezi mitatu, tena kwake. Nikasema, sawa, haniambii. Nitatazama mwenyewe. Si haki, najua. Nilipaswa kukuomba."

"Ulipaswa kuleta barua," mzee akasema.

Binti akacheka katikati ya machozi, kicheko kibaya chenye kikohozi. Lakini mzee hakuwa anatania sana. "Mara moja tu maishani mwangu sikusoma," alisema, "kwa sababu ulikuwa wewe. Hilo limeniuma, mama. Limeniuma kuliko kifua."

"Nisamehe, Baba." Akaifungua simu, kidole kikitafuta pa kuzimia. "Nazima sasa hivi."

Mzee akatazama kile kidole. Alimfikiria yule mzee mwingine mwenye mvi, aliyelala kule baridini bila mtu wa kumjua, mpaka binti wa mtu akaja kumfunua kwa makosa.

"Acha," alisema.

"Niache?"

"Iache iwake. Na moyo umechoka, ndivyo walivyosema Jumanne. Wamenipa vidonge. Viko nyuma ya kopo la wino. Nilikuwa nimekuficha na hilo."

Binti alikwenda akavitoa vidonge nyuma ya kopo, akavihesabu, akaona vinapungua inavyotakiwa. Mzee alimwacha akague. Kisha akaenda kufunga mlango, akazungusha ufunguo mara mbili, akatoa muhuri mmoja kwenye boksi la hospitali. Aliugusisha kwenye wino, akaupiga juu ya karatasi nyeupe. Akamsogezea karatasi pamoja na lenzi.

"Tafuta."

"Nitafute nini?"

"Wewe si ndiye unayependa kujua nilipo? Tafuta."

Binti akainama. Aliizunguka duara ya nje, akapita maneno, akarudi. "Sioni kitu, Baba."

"Vizuri," alisema mzee, kwa mazoea. Kisha akakohoa, akashusha sauti, ingawa walikuwa peke yao na cherehani ya jirani ilikuwa imeanza tena kunguruma. "Anza kwenye ile nyota ya chini. Panda kushoto. Herufi ya tatu. Tumboni mwake."

Lenzi ikasogea juu, ikashuka, ikatulia.

"Nimeiona."

Neno hilo alikuwa amejikinga nalo miaka thelathini na mmoja. Alingoja limchome, na halikumchoma.

"Usiiandike popote."

"Siandiki."

"Si kwenye simu."

"Baba, siandiki."

"Imebaki mihuri mia nne na kumi na mmoja," akasema mzee, akavuta kiti cha pili, akaketi kando yake.