Siku Akina Mama Walipotukandikia Nyumba

Jana nilifanya ujinga. Nililaza gunia la samadi mbichi jikoni, ati mvua ya Kitale isiniharibie mbolea ya sukuma. Kufikia saa nne nyumba ilinuka kama zizi, na mimi mtu wa kukaa ndani sina pa kukimbilia.

Harufu hiyo ilinirudisha kwetu Bungoma, wiki tuliyomzika baba. Kikundi cha akina mama kilikuja kutukandikia nyumba kwa udongo uliochanganywa na samadi. Kilianzishwa na nyanya zao ili nyimbo na michoro ya ukutani isipotee, na kila boma lenye msiba walilikandika bure. Waliimba huku wakichora ukuta wetu kwa vidole vya majivu.

Wakapita wasichana wa darasa langu. Mmoja akauliza, “Hawa ni nani?”

“Si ni vibarua wa mama,” nikasema, tajiri mzima wa darasa la tano.

Wimbo ukakatika. Mama, aliyekuwa akikanyaga udongo pamoja nao, aliinamisha kichwa. Jirani yetu, matope yamemfika viwikoni, akaniangalia bila hasira.

“Hii nyumba ni yenu, na ni wewe peke yako uko na mikono safi hapa.”