Kinga Yangu kwenye Njia ya Kailo

Baiskeli ni yangu. Naanzia hapo ili mtu asije akachanganya mambo. Baba aliinunua kwa masista wa misheni nilipopata diploma ya sekondari: nyeusi, ya kike, haina chuma cha katikati, na breki yake iko ndani ya gurudumu, ukirudisha pedali nyuma inasimama. Baiskeli sisi tunaiita kinga, na kinga za namna ile hazikuwa nyingi pale Kindu. Nilipoolewa niliingia nayo katika nyumba ya bwana wangu kama wengine wanavyoingia na sufuria zao.

Kisha nikazaa, na ghafla kila mtu akawa na maoni juu ya matiti yangu.

Mama mkwe alitoka Kibombo kuja kunisaidia na mtoto. Kusaidia alisaidia, siwezi kusema uongo. Alifua, alipika, alimkanda mtoto kwa mafuta mpaka akang'aa kama bilauri. Lakini alikuja na sheria zake. Mama anayenyonyesha hakimbii, haendeshi kinga, hakai juani. Akifanya hayo damu inapata moto, maziwa yanachemka ndani ya titi, na mtoto akiyanyonya tumbo linamharibika. Mpaka lini? Mpaka amwachishe. Miaka miwili! Mimi niliyekuwa nawaacha nyuma wavulana wa shule yetu, nikae miaka miwili kama chungu kilichosahauliwa kwenye mafiga.

Na kwa kuwa kinga ilikuwa inalala bure, mama mkwe akaitafutia kazi. Shemeji yangu, mdogo wa bwana, alitaka kuanza biashara ya mawese, kuyatoa kijijini kwa shangazi yao, kwenye njia ya Kailo, na kuyaleta mpaka mtoni.

"Mwanaume anatembea na miguu, kinga ya mwanamuke inalala mu nyumba," mama mkwe akasema. "Njo akili gani ile?"

Nikamwangalia bwana wangu. Bwana wangu akaangalia kikombe chake cha chai. Mtu huyu anafanya kazi kwenye reli, anaweza kugombana na treni yenyewe ikichelewa, lakini mbele ya mama yake mdomo wake unafungwa kama ofisi siku ya sikukuu.

Basi ikaamuliwa, bila mimi. Tutaenda sote kijijini Jumamosi kumwonyesha shangazi mtoto, tutalala, tutarudi Jumapili. Shemeji atambeba mama yake juu ya kinga yangu, kwenda na kurudi. Jumapili tukifika mtoni sisi tutavuka kuingia mjini, na yeye atageuka nayo kurudi kijijini, moja kwa moja. Mimi na mtoto tutakaa nyuma ya bwana, kama bidoni, dumu la mawese.

Jumamosi tulimaliza kwanza Salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, mtaa mzima umeinama unakata majani ya barabara, kisha tukavuka mto Lualaba kwa mtumbwi, kinga mbili zimelazwa katikati. Nilikuwa nimenuna kweli kweli. Lakini njia ile, jamani! Ukishaziacha nyumba za ng'ambo, mianzi inainama kutoka pande zote mbili mpaka inakutana juu ya kichwa, na unapita chini yake kama ndani ya nyumba ndefu isiyo na mwisho, baridi, na jua linaangukia udongo mwekundu vipande vipande. Mtoto mgongoni alikuwa anaushika kila mwangaza kwa mkono. Ni vigumu kuendelea kununa na mtoto anayecheka nyuma ya shingo yako.

Tena ukimtazama mama mkwe, ungecheka hata wewe. Alikataa kabisa kupanda kinga ya bwana wangu, kwa sababu haina breki. Bwana akitaka kusimama anakandamiza soli ya sandali juu ya mpira wa gurudumu, na ile harufu inatuambia kama amefaulu. Kwa hiyo mama alikaa nyuma ya shemeji, upande upande, ameshika shati la mwanawe kwa ngumi mbili. Ni mama mwenye mwili. Kinga yangu masikini ilikuwa inalia kama bata.

"Pole pole! Unataka kuniua?"

"Mama, tunapanda mulima. Hata nikitaka kukuua siwezi."

Mlimani tukashuka wote, tukasukuma. Shemeji, jasho linamtoka, akanitazama, akatafuta mtu wa kumtupia aibu yake.

"Shemeji, watu wanasema zamani wewe ulikuwa unakimbia kama swala. Sasa unabebwa tu. Swala gani anabebwa?"

Nikamwambia, "Subiri nitoe mtoto mgongoni."

"Tutaona."

"Utaona."

Bwana wangu alikohoa. Ule ndio ulikuwa mchango wake.

Shangazi yao alitupokea kwa kelele. Ni mjane, mwembamba, sauti kubwa, mtu anayecheka kabla hujamaliza kusema. Alimbeba mtoto nyumba kwa nyumba, kijiji kizima kikamwona, tukala wali mpya na sombe ya majani ya muhogo na samaki wa kuokwa, nami nikaanza kusahau hasira. Ndipo mama mkwe akamwambia, mbele yangu, "Kinga hii itabaki huku na mutoto wetu." Mutoto wetu, yaani shemeji. Shangazi akaniuliza kama ni yangu. Nikasema ndiyo. Akauliza, "Na weye unakubali?" Hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo tangu mwanzo. Nikajibu kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Hapana! Shemeji ametukana miguu yangu. Kesho asubuhi apande kinga, mimi nikimbie, mpaka kwenye daraja la magogo na kurudi. Nikimshinda, kinga inarudi Kindu na mimi."

Shangazi akapiga makofi. Shemeji akacheka, akakubali. Mama mkwe akasema hakuna mbio, maziwa, maziwa, maziwa. Bwana wangu akasema usiku mwema.

Asubuhi nilinyonyesha mapema, mtoto akalala. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, nami nilikuwa nimeiona barabara ile tulipokuja: karibu na daraja kuna udongo wa mfinyanzi. Sikusema kitu. Nilikunja kikwembe nilichojifunga kiunoni juu ya magoti nikakikaza, nikavua viatu. Wanawake wa kijiji walikuwa wamejipanga kandokando na masufuria yao ya maji, hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda kisimani.

Shangazi akapiga kelele, shemeji akaondoka kama mshale. Akaniacha. Nikasikia kengele yangu, kengele ya kinga yangu mwenyewe, inanicheka mbele kwenye kona.

Halafu nikabaki peke yangu na msitu. Sijui niwaelezeje. Tangu mimba ilipokuwa kubwa sikuwa nimesikia tena nyayo zangu zikipiga chini kwa haraka namna ile. Vipepeo walikuwa wamekaa kwenye madimbwi, weupe na wa manjano, wakaruka wote kwa pamoja nilipopita, wakanifunika. Nilikuwa nacheka peke yangu kama kichaa. Matiti yaliniuma, ndiyo, nikayashika kwa mkono mmoja nikaendelea. Sikuwa mama wa mtu, sikuwa bibi wa mtu. Nilikuwa mtu anayekimbia.

Nikamkuta shemeji kabla ya daraja. Tope lilikuwa limejaa kati ya gurudumu na kifuniko chake, gurudumu halizunguki hata kidogo, naye anachokoa kwa kijiti.

"Habari ya asubuhi, shemeji," nikasema. Nikaenda, nikagusa gogo la kwanza, nikarudi. Bado anachokoa. "Kazi njema."

Nilipoingia kijijini vigelegele vilipanda mpaka kuku wakakimbia. Shangazi alicheza, akanifunga kitambaa chake kichwani kama taji. Shemeji alifika baadaye sana, anasukuma, miguu myekundu mpaka magotini. Nikamwambia mama mkwe, "Kinga imerudi kwangu."

"Ile njo muchezo ya watoto," akasema. "Mimi nilikubali? Sikukubali."

Ndivyo ushindi wangu ulivyoisha. Na wakati huohuo mtoto akaamka na njaa.

Nilinyoosha mikono. Mama mkwe akarudi nyuma na mtoto. "Usimuguse! Uko unachemka!" Akanikalisha kivulini, akaleta maji ya mtungi, akaniosha matiti kama mtu anayezima moto. Halafu, "Kamua ya kwanza. Mwaga chini."

Nikakamua.

"Tena."

"Mama, mutoto iko na njala!"

"Tena. Bado moto iko ndani."

Mtoto analia mpaka amekuwa wa zambarau, maziwa yanadondoka mchangani, na kuku mmoja wa shangazi akaja kuyaonja. Nikasema, "Mama, unalisha kuku, unaacha mujukuu wako!"

"Afazali kuku ahare."

Mwishowe akanipa mtoto. Akanyonya, akapiga mbweu, akalala. Kuanzia hapo kijiji kizima kilimngojea. Kila alipojinyoosha mama mkwe alifungua nepi, akachungulia, akafunga. Nami nilikuwa na hofu, nasema kweli. Siyo hofu ya maziwa. Niliogopa kwamba watoto wanaharisha kwa sababu elfu, na akiharisha siku ile, kinga imekwenda, na miguu yangu imekwenda pamoja nayo, na sababu itakuwa mimi maisha yote.

Shemeji, kwa hasira na aibu, alikaa jikoni akala sombe iliyolala tangu jana, akala nanasi zima peke yake, akashushia maji ya mtungi. Jua lilikuwa halijafika katikati ya kichwa alipoinuka ghafla, akashika tumbo, akapita mbele yetu mbio kwenda nyuma ya nyumba. Akarudi. Akaketi. Akainuka tena, mbio zaidi.

"Angalau leo anakimbia," shangazi akasema.

Nikamgeukia mama mkwe. Sikupanga, mdomo ulisema wenyewe: "Mama, huyu naye alinyonya kwangu?"

Shangazi alianguka juu ya mkeka. Bwana wangu, mtu wa chai, alitema chai. Mama mkwe alijaribu kubaki mkali, akavuta kikwembe akafunika mdomo, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika. Kisha akakiachilia, akacheka kwa sauti, machozi yakamtoka. Mtoto alikuwa amelala palepale, mkavu.

Lakini siku ilikuwa inakwenda, na bwana alikuwa na kazi Jumatatu. Shemeji hawezi hata kukaa juu ya kiti, sembuse juu ya kinga. Nani atambeba mama? Bwana akasema, "Mama, panda kwangu." Mama akasema yeye hashuki mlima ule na mtu anayesimama kwa kiatu. Bwana akasema basi yeye achukue kinga yangu ambebe, mimi nichukue yake. Nikamuuliza nitarukaje chuma cha katikati na kikwembe, maana suruali wanawake tulishakatazwa na serikali nchi nzima. Akafikiri. Alifikiri sana. Hakukuwa na njia nyingine, na mimi sikumsaidia kuitafuta.

Mama mkwe akamfunga mtoto mgongoni mwake, akaikaribia kinga yangu kama mtu anayekaribia ng'ombe.

"Utaniangusha."

"Nitakuangusha ukijitikisa."

Akakaa. Nikakanyaga pedali. Mwanzo tuliyumba, akaniita majina ambayo siyaandiki hapa. Tukapita chini ya mianzi, tukapita wauza ndizi waliosimama kutazama: mwanamke anaendesha, mama mzima nyuma yake, mtoto nyuma ya mama, na mwisho wa msafara bwana na mabidoni ya mawese ya shangazi. Mlimani tulisukuma. Halafu tukafika juu, na chini yetu njia ikanyooka, na mbali kabisa tukauona mto, mpana, wa kahawia, na moshi wa Kindu upande wa pili.

"Shika vizuri, mama."

"Usiniambie unataka ku..."

Nikaachia. Upepo ukaingia ndani ya vikwembe vyetu vyote viwili. Nilisikia anapiga kelele, nikarudisha pedali kidogo, kinga ikatii. Kisha nikagundua kwamba zile hazikuwa kelele za hofu. Mama mkwe alikuwa anapiga vigelegele. Mtoto naye akawa anaitikia kwa sauti yake. Bwana alitupita kwa kasi isiyo yake, soli ya sandali inanuka, anaomba Mungu kwa sauti, mara ya kwanza wikendi ile kumsikia akisema kitu kwa nguvu.

Mtoni mtumbwi ulikuwa unangoja. Bwana alipumua, akajifuta, akafungua mdomo wakati ambao angeweza kuufunga.

"Sasa ile kinga. Iko mutu wa kijiji anarudi kule jioni. Tumupatie, ampelekee mudogo wangu?"

Mikono ilikuwa juu ya usukani, na nilijua nikisema neno moja nitasema yote. Nikamwangalia mama mkwe. Alikuwa anapanga kilemba chake kilichopeperuka.

"Na Jumatano," akamwambia mwanawe, "mimi nitaenda soko na nini?"

"Mama, lakini ulisema..."

"Ninakuuliza soko. Unanijibu nini nilisema." Akamgeukia mwenye mtumbwi. "Baba, anza kupakia ile nyeusi. Pole pole na kengele yake."

Ng'ambo, upande wa mjini, bwana alikuwa bado anashusha mabidoni, na mimi sijaifuta hata matope, nilipogeuka nikamwona mama mkwe amekwisha kukaa nyuma, upande upande, mtoto mgongoni, anagonga tandiko langu kwa kiganja.

"Twende basi," akasema. "Giza inaingia, na pale kwenye reli iko mutelemko."