Matone ya Lalla Zhor

Saa nne asubuhi, kwenye kichochoro cha mji mkongwe wa Fes, Lalla Zhor Slaoui anatembea bega likigusa ukuta. Binti yake Batoul amemshika mkono. Punda aliyebeba ngozi anakuja upande wa kushoto, mwenye punda anapiga kelele watu wapishe, na Lalla Zhor hasogei hata kidogo. Batoul anamvuta.

"Mama! Punda huyo!"

"Nimemsikia. Sijui yuko wapi tu."

Ana miaka hamsini na minane, na zaidi ya thelathini ameimalizia kwenye kutarizi vitambaa vya maharusi, ile tarizi ya Fes ambayo mbele na nyuma ni sawasawa, bila fundo. Nyuzi huhesabiwa moja moja. Mtu hata kupepesa macho husahau.

Ndiyo maana macho yake yalikauka, yakawa yanachoma kama yametiwa mchanga. Miaka tisa iliyopita daktari mmoja alimwandikia dawa ya matone, atumie wiki mbili tu. Wekundu ukaisha siku ya pili. Lo, alifurahi! Wiki mbili zilipokwisha akaenda duka la dawa na chupa tupu, akauziwa nyingine, kisha nyingine, dirhamu ishirini na kitu, bila swali.

"Ningeachaje?" anauliza. "Nikiacha yanawaka moto. Nikitia, raha mustarehe."

Dawa ile ilikuwa na steroidi. Ikitumiwa muda mrefu bila kupimwa, inaweza kupandisha presha ya macho, na presha hiyo huua mshipa wa kuonea taratibu, kuanzia pembeni, bila maumivu. Hakuna aliyemwambia. Majirani wakaanza kununa kwamba Lalla Zhor siku hizi ana maringo, anapita bila kusalimia. Mmoja akamtania, "Vipi, umeposwa na waziri nini?" Naye akacheka. Kumbe hakuwa amemwona.

Sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kilichokwenda hakirudi, daktari amemwambia waziwazi.

Lakini si hilo linalomliza. Wasichana waliokuja kujifunza kwake walimwita maalima, na mwalimu wa kutarizi ni mama wa pili. Kila baada ya sala ya alasiri aliwaketisha kwenye mkeka, vichwa nyuma, akawatia matone mmoja mmoja. Aliyeolewa aliondoka na chupa yake. Batoul naye alitiwa. Alipopimwa mwezi uliopita, presha ya macho yake ilikuwa juu. Imewahiwa, ila atatumia dawa nyingine maisha yake yote.

"Kwa mkono wangu huu," Lalla Zhor anasema, machozi yakimtoka. "Adui gani angeniweza hivi?"

"Basi, Mama. Hukujua."

"Usiniambie basi! Wenzako je?"

Ndiyo safari ya leo, na ya kila siku atakayojaliwa nguvu: nyumba kwa nyumba, kwa kila msichana aliyemfundisha, awaambie wakapimwe. Anaogopa. Wengine huenda wakamfungia mlango, na anasema hatawalaumu.

Nyumba ya kwanza ni ya Ouafae, aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Batoul anabisha. Ouafae anafungua, anapiga kigelegele, anambusu maalima wake mkono.

"Karibuni! Umepotea, Lalla, leo mvua itanyesha!"

"Macho yako vipi, binti yangu?"

"Alhamdulillahi. Dawa yako sijaiacha hata siku moja." Anacheka. "Hata huyu mwanangu nimeanza kumtia, akirudi shule macho mekundu."

Batoul anainamisha uso. Lalla Zhor anapapasa hewani mpaka anaupata mkono wa Ouafae. Chai inatajwa, haitaki. Kiti, hakitaki.

"Vaa jilaba yako, mwanangu, twende hospitali. Nitakueleza njiani, na ukitaka kunitukana, utanitukana huko huko. Mtoto mlete."